Kisu cha Mashine ya Mdogo Wangu

Mama yangu alianza kupoteza meno mapema. Mwaka aliofariki baba, alikuwa amebakiwa na meno manne ya mbele, magego yote yameisha. Wali na ugali havikumpa shida. Samaki naye hakumpa shida, maana sisi tumezaliwa Mofu, kando ya mto, na mama aliweza kumla kambale mzima huku anatoa miiba pembeni mwa mdomo bila kukatiza maneno yake. Kilichomshinda ni nyama, na sijapata kumjua mtu aliyependa nyama kama mama.

Wakati huo, miaka ya hamsini ikiwa inaanza, mimi nilikuwa nimeshaolewa Lupiro, ng'ambo ya mto, nina watoto watatu. Mume wangu alilima mpunga na kuvua. Kila baada ya mavuno mama alifunga mzigo wake akaja kukaa kwangu miezi miwili, mitatu. Wawindaji walipoleta nyama ya sheshe, yule swala wa mabondeni kwetu, mume wangu alichukua paja, na mimi niliichemsha tangu asubuhi hadi jua linapinda. Kisha niliitia kwenye kinu kidogo na chumvi, nikaitwanga mpaka ikawa nyuzinyuzi, nikaiunga kwa karanga. Mama alikula polepole, akiramba vidole kimoja kimoja. Jirani akipita, mama alininyooshea mkono akasema, "Unamwona huyu? Huyu ndiye meno yangu."

Sikuwahi kusifiwa sana maishani mwangu. Neno lile nililihifadhi.

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba wetu. Nilimbeba mgongoni mimi, nikamfundisha kupika mimi. Aliolewa Ifakara na mwanamume mpole aliyekuwa mpishi wa Mzungu mmoja. Nyumba yao ilikuwa ya bati, ina meza na viti vinne, na dirishani kuna pazia. Hayo yote niliyaona nikayavumilia. Mtu akiolewa na mpishi wa Mzungu atakosaje pazia? Nilimwambia mume wangu kwamba pazia linakusanya vumbi tu.

Kisha yule Mzungu akarudi kwao. Kabla ya kuondoka aliuza vyombo vyake vya nyumbani, na shemeji yangu akanunua mashine ya kusagia nyama.

Habari hiyo aliniletea mama mwenyewe. Alikuwa amepitia Ifakara kwanza, akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida, akafika Lupiro kipindi ambacho zamani angekuwa anajiandaa kuondoka. Nilimwona amenenepa. Hata kabla hajavua kanga ya kichwani alianza kusimulia.

"Mwanangu, kuna mashine kule! Ya chuma, inabanwa mezani. Unatia nyama juu, unazungusha mkono, nyama inatoka mbele kama minyoo."

"Minyoo, mama?"

"Minyoo, lakini mizuri! Laini, hata mtoto wa miezi sita anakula. Mdogo wako ananiviringia vidonge, anavitia kwenye mchuzi wa nyanya." Akacheka, akajigusa shavu. "Siku hizi meno yangu yako Ifakara."

Mume wangu alicheka, na watoto wakacheka pia. Mimi nilikuwa nimeshika upawa. Niliuweka chini, nikatoka nje kana kwamba nimesikia kuku shambani.

Mwaka ule mama alikaa kwangu wiki mbili. Nilimpikia sheshe kama zamani, nikatwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge, naye alikula akashukuru. Lakini mara moja, bila kunikusudia ubaya, alitoa uzi mmoja wa nyama mdomoni, akautazama, akauweka ukingoni mwa bakuli. Uzi ule nauona hadi leo.

Alipoondoka nilimwambia mume wangu anitafutie mashine ya nyama.

Mume wangu si mtu wa kukataa jambo kwa kelele. Alikuwa anashona wavu. "Tuna meza?" aliniuliza.

"Meza ya nini?"

"Mama amesema inabanwa mezani. Sisi tunakula mkekani."

"Basi tengeneza meza."

"Na nyama yenyewe tunakula mara ngapi? Krismasi, Pasaka, na siku mwindaji akikumbuka njia ya hapa. Mke wangu, mashine ya kusaga kambale sijaisikia."

Siku tatu nilimpikia samaki, kitoga wa kuchemsha bila chumvi. Alikula akamaliza. Siku ya nne alitoka kwenda kwenye mitego yake, na suala la mashine likaishia hapo. Kwake liliisha, kwangu halikuisha. Nikitwanga mpunga, sauti ya mchi ilikuwa inaniambia, mwenzako anazungusha mkono tu. Nikibeba maji nilikuwa nawaza, mwenzako sasa hivi anaviringa vidonge na mama ameketi mbele yake. Nilianza hata kumwonea wivu kwa mambo yasiyo na maana: kwamba jina lake la ubatizo ni zuri kuliko langu, kwamba utotoni yeye alipata surua kidogo na mimi nikapata nyingi.

Mwaka uliofuata mdogo wangu alijifungua mtoto wake wa kwanza, mvulana. Tukaalikwa ubatizo. Mume wangu alibaki na mitego, nikaenda mimi na mtoto wangu mdogo mgongoni, kutwa nzima ya mwendo mpaka pantoni, na kutoka kivukoni hadi mjini.

Nilipoingia, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mashine. Ilikuwa imebanwa kwenye kona ya meza, imefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua mekundu. Mdogo wangu alinikumbatia, akanionyesha mtoto, na mimi nikamsifu mtoto huku macho yangu yako kwenye kitambaa.

"Dada, umeiona?" alisema. Akakifunua.

Ilikuwa nzuri. Siwezi kusema uongo. Ilikuwa nzito na inang'aa kama samaki aliyetoka majini sasa hivi, ina mdomo mpana juu, na mkono wenye kishikio cha mti kilicholainika kwa kushikwa. Siku ya sherehe walichinja mbuzi wawili, na wanawake wote wakajazana kuizunguka meza, kila mmoja anataka kuzungusha. Mdogo wangu alikuwa anatia vipande juu, nyama inashuka kwenye bakuli, wanawake wanapiga vigelegele utafikiri mtoto anabatizwa mara ya pili. Mama alikuwa ameketi kando kabisa ya meza, kiti chake kimegusana nayo, anawaelekeza watu kama mwenye mali. "Usitie nyingi! Taratibu! Kata mishipa kwanza!"

Mimi nilipewa kazi ya kutwanga mpunga uani, pamoja na wifi yake mdogo wangu, dada wa shemeji. Naye nilizoea kumwita wifi. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mwembamba, asiye na maneno mengi. Mumewe alikuwa amemwacha kwa sababu ya kukosa mtoto, na tangu mwaka uliotangulia alikuwa anaishi pale kwa kaka yake.

"Husikii vigelegele?" nilimwambia. "Mbona huendi kuzungusha?"

Alicheka kidogo. "Leo wanaichezea. Baadaye ataiosha nani?"

"Nani?"

"Mimi, wifi. Nyama inaganda ndani ya vile vitundu, natoa moja moja kwa kijiti. Kisha inatakiwa ikauke sawasawa, ikibaki na maji inashika kutu."

Tukaendelea kutwanga, mchi wake ukipanda wangu unashuka. Alikuwa anatwanga vizuri sana.

Alasiri, wageni wakiwa wametulia mbele ya nyumba na pombe yao, yeye aliiosha mashine kama alivyosema. Akazipanga sehemu zake juu ya ungo, juani: tumbo la mashine, ule uzi mnene wa chuma unaosukuma nyama, sahani ya matundu, nati yake, na kisu. Kisu kilikuwa kidogo, kina mabawa manne, hakizidi kiganja cha mtoto. Sikuwa nimejua kwamba ndani mna kisu. Nilidhani nguvu yote iko kwenye mkono.

Shemeji akamwita dada yake awapelekee wageni maji. "Nenda," nilimwambia. "Hizi zimeshakauka, nitazifunga mimi." Alinionyesha mpangilio wake haraka, akaenda.

Nilikuwa peke yangu uani. Naapa sikuwa na mpango wowote. Nilitia uzi wa chuma ndani, nikakichukua kisu, nikakishika. Kutoka ndani nikasikia mama akimwambia mgeni fulani, "Huyu mtoto wangu wa mwisho ndiye anayenilisha." Nikakifunga kisu kwenye pindo la kanga yangu. Nikaweka sahani ya matundu, nikakaza nati, nikaibeba mashine ndani, nikaibana mezani, nikaifunika kitambaa. Kwa kuitazama, haikukosa kitu.

Asubuhi niliaga. Mama alibaki.

Nyumbani nilikitia kisu kwenye kopo la mbegu za maboga, nikaanza kusubiri. Kila mtu aliyetoka ng'ambo nilimuuliza habari za Ifakara. Nilitaka kusikia kwamba mashine imeharibika, kwamba mdogo wangu analia, na kwamba mama amesema anataka kurudi kwangu akale nyama ya kutwangwa. Haikuja habari yoyote. Masika ikaingia, bonde likajaa maji, tukahamia kwenye vibanda vya mashambani kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na kwa muda mrefu hakuna aliyevuka. Maji yalipopungua, mnunuzi mmoja wa samaki aliniletea salamu za mama: hajambo, anakula vizuri, nyama laini kila Jumapili.

Kila Jumapili! Nyama laini kutoka wapi? Nilienda kwenye kopo, nikamwaga mbegu. Kisu kilikuwepo.

Sikuweza kuvumilia. Nilimwambia mume wangu namfuata mama nikamsalimie, nikavuka. Nilifika kwa mdogo wangu Jumapili, watu wametoka misani. Mashine ilikuwa palepale mezani. Nilinyanyua kitambaa kidogo, nikaona vumbi limelala kwenye mdomo wake, na utando wa buibui umefungwa kati ya mkono na tumbo. Nikasikia mchi ukigonga uani.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye kibao, mtoto mgongoni, anatwanga nyama iliyochemshwa kwenye kinu kidogo. Alikuwa anatwanga kwa mtindo wangu kabisa, akipiga mara tatu, anageuza kwa kidole, anapiga tena mara tatu.

"Shikamoo dada! Hukutuma hata salamu!"

"Marahaba. Na mashine?"

"Aa, dada, mashine ni kazi ile." Alifuta jasho kwa mkono. "Kuibana, kuifungua, wifi ashinde anachokoa matundu. Kwa nyama ya kikongwe mmoja? Ile ni ya siku za wageni. Tangu ubatizo sijaigusa."

"Lakini mama anasema anakula nyama ya mashine."

Akacheka, akapunguza sauti. "Mama anapenda majirani wajue hivyo. Mimi namtwangia kama ulivyonifundisha."

Nilisimama pale uani na furushi langu la mchele kichwani, nikasahau kulitua. Kama angekuwa anamlisha mama kwa mashine, ningejua la kuchukia. Nilikuwa nimeiba kitu ambacho hata hakikuwa na kazi. Mama alikuwa anakaa kwake, anakula nyama iliyotwangwa kwa mkono, nyama ile ile niliyokuwa nampa mimi, na bado alichagua kukaa kwake. Wivu niliokuwa nao mwanzo ulikuwa wa chuma. Huu mpya ulikuwa wa mtu, na sikujua nitauficha kwenye kopo gani.

Ningeweza kusema palepale. Nilijidanganya kwamba, kwa vile kisu kimebaki Lupiro, kusema bila kukirudisha hakuna maana. Nikala, nikalala, nikarudi kwangu.

Kilichofuata sikukiona kwa macho, nilisimuliwa. Shemeji alipata bwana mwingine wa kumpikia, hawakuelewana, akaacha kazi. Akaamua kufungua hoteli ndogo karibu na soko, auze chai, sambusa na kababu, vitu alivyokuwa amewapikia Wazungu na Wahindi. Kibanda kikajengwa, watu wakaambiwa siku. Asubuhi ya siku yenyewe akanunua nyama, akaibeba mashine, akaanza kuzungusha. Nyama haikutoka kama minyoo. Ilitoka madonge yaliyopondeka, inachuruzika maji, na mingine ikakwama kabisa. Akaifungua mbele ya watu waliokuwa wanasubiri. Kisu hakuna.

Aliyeniletea habari hizo alikuwa mama. Alishuka Lupiro adhuhuri moja, amechoka, hakutaka hata maji kwanza. Nilikuwa napepeta mpunga. Aliketi kwenye kigoda.

"Huko kumeharibika," alisema. "Wifi yake mdogo wako amefukuzwa."

"Kwa nini?"

"Amekitupa kisu cha mashine. Au amekificha. Nani mwingine? Yeye ndiye anayeiosha. Kaka yake alimuuliza, akasema hajui. Akamuuliza tena, akanyamaza. Basi kaka yake akapandwa na hasira, akamwambia mbele ya watu, 'Unamwonea wivu mke wangu kwa sababu wewe huna nyumba.' Amefunga kanga zake mbili, amekwenda Kiberege kwa shangazi yao." Mama akatikisa kichwa. "Mwanamke mzima, kumwonea mwenzake wivu kwa kipande cha chuma!"

Niliendelea kupepeta. Nilipepeta mpaka hakukuwa na pumba tena, mchele mtupu unaruka na kurudi. Nilikuwa naiona ile michi miwili, wake unapanda, wangu unashuka. Mwisho niliuweka ungo chini, nikaingia ndani, nikarudi na kisu, nikakiweka kwenye kiganja cha mama.

Alikitazama, akakigeuza. Alikuwa ameketi kando ya mashine miezi mingi lakini nadhani hakuwahi kukiona kisu chenyewe. "Nini hiki?"

"Ndicho."

"Umekipata wapi?"

"Nilikichukua mimi. Siku ya ubatizo."

Kuku walikuja kudonoa mchele ungoni na hakuna aliyewafukuza. Mama aliniuliza polepole, kama mtu anayesema na mgonjwa, "Ulikuwa unataka kukifanyia nini?"

"Sikutaka kukifanyia kitu. Ulisema meno yako yako Ifakara."

Hakukumbuka. Niliona usoni mwake kwamba hakukumbuka hata kidogo kusema neno hilo. Alifikiri, akanitazama, macho yake yakalowa, lakini hakuja kunishika wala hakunibembeleza. Alisimama, akakaza kanga kiunoni.

"Nani ana baiskeli hapa?"

"Baba watoto."

"Mwambie anipakie. Wewe utatembea nyuma."

Ndivyo tulivyokwenda. Mume wangu aliikanyaga baiskeli taratibu, mama nyuma ameshikilia tandiko, kisu amekifunga kwenye kanga yake, na mimi natembea nyuma yao kwenye vumbi. Mume wangu nilikuwa nimemwambia kwa maneno machache. Hakunigombeza. Kila tulipofika penye kivuli alisimama akanisubiri, na hilo lilinichoma kuliko kugombezwa. Tulilala kwa jamaa zake karibu na mto, tukavuka na pantoni ya kwanza asubuhi.

Mdogo wangu na mumewe walikuwa wamekaa mezani wanakunywa uji. Mama alikiweka kisu katikati ya meza, akaniambia, "Sema."

Nikasema. Sikutafuta maneno ya kujipunguzia. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauacha uji wake, akasema kwa sauti ya chini, si kwangu, ni kama kwa nafsi yake, "Mimi nimemfukuza dada yangu mbele ya watu." Akarudia tena. Mdogo wangu alikichukua kisu, akaenda nacho uani, akakiosha, akakikausha kwa upindo wa kanga, akakiweka mbele ya mumewe. Ndipo akanigeukia.

"Karibu chai, dada," alisema.

Alinimiminia kwenye kikombe cha maua, kile cha wageni, na kisosi chake. Hakuwahi kunipa kikombe kile kabla. Sikujua kwamba mtu anaweza kukufungia mlango kwa kukukaribisha vizuri.

Nilisema nitakwenda Kiberege kumwomba radhi wifi. Shemeji akasema la kwenda ni yeye. Mama akasema, "Nendeni wote wawili, kila mtu ana lake." Tukapanda lori lililobeba mpunga, mimi juu ya magunia upande huu, yeye upande ule.

Tulimkuta nyuma ya nyumba ya shangazi yake, anapukuchua mahindi. Alimwamkia kaka yake, akaniamkia na mimi, akatutandikia mkeka. Shemeji alianza kusema akashindwa, kwa hiyo nilianza mimi. Nilipofika kwenye kisu, aliinua mkono.

"Wifi, nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Ni wewe uliyeifunga mwisho. Tangu siku ile haikufunguliwa. Ningekosaje kujua?"

Shemeji alishtuka. "Sasa mbona hukusema? Nilikuuliza mara mbili!"

Alimtazama kaka yake bila hasira. "Ningesema dada wa mkeo ni mwizi, ungeniamini? Yeye ni dada mtu. Mimi nilikuwa mtu wa kuhifadhiwa pale. Ningefukuzwa siku ileile, tena kwa uchonganishi."

Alirudi kwenye mahindi yake, punje zinaanguka kwenye ungo. Kisha aliniuliza, "Ulifaidi nini lakini?"

"Sikufaidi kitu."

"Hata siku moja?"

Nikafikiri kwa kweli, maana aliuliza kwa kutaka kujua. "Njiani," nilisema. "Kutoka Ifakara mpaka kivukoni, siku nilipokichukua. Nilitembea nimefurahi."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei ya kitu akaona ni ghali. Kaka yake alimsihi arudi. Alikataa. Alisema shangazi yake ni mzee, hana mtu, na pale amepewa kipande cha shamba kilicho chake, hakuna anayemhesabia chakula. Radhi alitupa, kwa mdomo na kwa mkono, alitushika mikono sote wawili. Lakini kurudi hakurudi. Alitupikia ugali na mlenda, tukala, na lori lilipopita jioni tukapanda.

Hoteli ya shemeji ilifunguliwa, na kababu zake zilipata jina hadi Lupiro. Mashine ikafanya kazi kila siku ya Mungu mpaka weupe wake ukaisha kabisa, kitambaa cha maua kikageuzwa nepi. Mama aliendelea kuzunguka baina yetu, lakini tangu siku ile hakusifu chakula cha mmoja mbele ya mwingine. Alikula akashukuru, basi. Na mdogo wangu, kila nilipokwenda, alinipokea vizuri mno. Aliniwekea kiti. Nikiinuka kwenda jikoni alisema, "Kaa, dada, umechoka na safari," na kusema kweli alikuwa anasimama kwenye mlango wa jikoni mpaka nikae. Hali hiyo ilidumu karibu miaka mitatu.

Mimba yangu ya nne ilinipa taabu. Nilijifungua salama lakini homa ikanilaza, sikuweza kusimama. Mume wangu alituma salamu Ifakara, na siku ya tatu mdogo wangu akaingia bila kubisha hodi, mzigo kichwani. Hakuja kitandani kunisalimia. Alienda moja kwa moja jikoni. Nikasikia anafunua vyungu, anagongagonga, anaita maji.

"Dada!" alipiga kelele kutoka kule. "Hivi sufuria zako zimeoshwa na nani? Mnakulaje kwenye uchafu huu? Na chumvi umeiweka wapi, au nayo umeificha?"

Nilicheka mpaka tumbo likaniuma. Aliendelea kunigombeza tangu asubuhi hadi adhuhuri, na mimi nimelala nasikiliza kila neno. Alinitengenezea uji, akamkanda mtoto, akaninywesha mwenyewe kwa kijiko. Alasiri aliwakusanya wanangu wakubwa uani akawa anawasimulia hadithi fulani ya sungura, anaigiza sauti, nao wanacheka kicheko ambacho kwangu hawajawahi kukicheka. Niliwasikiliza muda mrefu. Kisha nikasikia kile kitu changu kikijongea tena kifuani, kidogo, kama mtu anayevuta mkeka, nikajigeuza upande wa ukuta na mtoto wangu mchanga mpaka usingizi ukanichukua.